Aliyepewa Kulima

Nyumba ya Halidi pale Bigwa ilikuwa na mlango, tena wa mninga, lakini tangu alfajiri mpaka watu wanakwenda kulala ulikaa wazi, umewekewa jiwe usijifunge. Aliyetoka sokoni alipumzika hapo. Aliyetoka msikitini alikunywa chai. Aliyegombana na mkewe alilia hapo mpaka akanyamaza, kisha akaulizwa kama anatumia pilipili. Asha, mke wa Halidi, hakuwahi kupika kwa kuhesabu vichwa. Alitazama sufuria, akatazama mlango, akaongeza kikombe cha mchele. Habari za Bigwa zilipita pale kabla hazijawafikia wenyewe, na Halidi alizipokea na kuzigawa bila choyo. Kitu kimoja tu kilimshinda maishani: kumwambia mtu neno la kumuumiza hali amekaa mbele yake.

Kazi yake ilikuwa pampu. Miaka ishirini na sita aliendesha pampu za maji za chuo kikuu, ndani ya kibanda cha matofali huku bondeni karibu na mto. Saa kumi na mbili asubuhi anawasha, maji yanatoka visimani yanapanda mpaka kwenye tangi kubwa la kilimani, na kutoka huko yanateremka mabwenini, jikoni na maabara. Alizijua zile pampu kwa sauti, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Mwezi wa kwanza chuo kilimleta afisa nishati, binti aitwaye Winfrida, mzaliwa wa Mgeta, mpole, mchache wa maneno. Kazi yake ilikuwa kujua umeme wa chuo unakwenda wapi na kuupunguza. Alifunga mita kila jengo, akazunguka nazo miezi miwili, akazisoma kama watu wasomavyo barua za posa. Kisha siku moja akateremka bondeni, akaketi juu ya bomba kuukuu, akamwambia Halidi kwamba katika kila uniti kumi za chuo kile, nne zinaishia kwenye kibanda chake.

"Sasa mzee Halidi," akauliza, "maji yote haya yanakwenda wapi?"

Halidi alijua. Mwenye masikio yote mawili alijua. Vyoo vya mabweni vilikuwa na maboya yaliyokwama, maji yakichuruzika humo mchana na usiku bila kumsafisha mtu. Nyuma ya bweni la tatu nyasi zilikuwa kijani kibichi hata kiangazi kikali, mpaka watu wakawa wanafunga mbuzi pale. Lakini mabomba yalikuwa kazi ya Athanas, fundi mkuu, na Athanas alikuwa mtu wa Halidi.

Walikuwa zaidi ya marafiki. Mwaka baba yake Halidi, mzee Dadi, alipofariki huko juu mlimani, mvua ilinyesha siku tatu, udongo ukawa uji, na vijana waliotumwa kuchimba kaburi wakakata tamaa. Athanas, Mkristo peke yake kati ya Waislamu, alivua shati akaingia shimoni akachimba mpaka likakamilika. Jambo kama hilo halisahauliki. Miaka minne iliyopita Athanas alifiwa na mkewe, na tangu hapo mkono wake ukawa umelala. Alikuja kazini, akafungua stoo, akaketi juu ya debe akaitazama spana mpaka jioni. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kula kwa Halidi. Alikula kidogo, akasikiliza watu, akaondoka. Halidi angemtajaje?

Basi akamjibu Winfrida kwamba wanafunzi ni wengi. Binti hakuandika. Akaendelea kumtazama, na Halidi, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye nyumba iliyojaa, hakuvumilia ukimya. Akasema yeye angekuwa mmoja wa wakubwa asingepampu kabisa. Huko kwao juu ya Bigwa kuna chemchemi, maji baridi, meupe kama kioo; ukiyatia bombani yanateremka yenyewe mpaka chuoni bila kula hata uniti moja. Maji ya mserereko. Akaona uso wa binti unafunguka, naye akazidi kunogewa.

"Eneo ni la nani?" Winfrida akauliza.

"La kwetu."

"Kwenu kwa nani?"

"La kwangu mimi," akasema Halidi.

Hapo ndipo alipoteleza, na aliteleza mahali ambapo Mluguru haruhusiwi kuteleza. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba ni la ukoo huohuo. Baba akikupeleka kwao ukalima, unalima kama mtoto mpendwa: unapanda, unavuna, unakula, hata ukijenga hakuna wa kukuuliza. Lakini udongo wenyewe unabaki kwa dada zake baba na watoto wa hao dada. Mama yake Halidi alikuwa mwanamke wa Dumila, muuza chai wa njia panda, aliyezaliwa na watu wa kuja. Kwao hakukuwa na ardhi ya kurudia. Halidi alikuwa na mlima ule tu, na aliupata kwa upande wa baba. Mwenye chemchemi alikuwa shangazi yake, Mwanaheri, dada wa baba yake tumbo moja, ambaye baada ya mazishi alimshika mkono akamwambia kipande alicholima baba ataendelea kukilima yeye, na mlango uko wazi.

Walipanda kwenda kupima mwezi wa nne, masika yamepamba moto. Halidi aliichagua Ijumaa ambayo shangazi alikwenda kwenye arobaini ya mtu ng'ambo ya pili, akampitisha Winfrida njia ya chini. Chemchemi ilikuwa inanguruma. Waliweka ndoo ya lita ishirini, na kabla hujahesabu kumi ilikuwa imejaa na kufurika. Binti alipima mara tatu. Mwezi uliofuata ikaletwa fomu ya ridhaa, na mahali palipoandikwa mmiliki wa ardhi Halidi akaandika jina lake lote, kwa mwandiko wa kupendeza. Kamati ya Nishati na Mazingira, ambayo Winfrida alikuwa katibu wake, ikapitisha mradi. Mabomba yakaagizwa. Halidi akapigwa picha akiwa amevaa kofia yake ya kufuma, ile ya sikukuu, picha ikabandikwa ubao wa matangazo, na pale Bigwa watu wakaja kumpongeza mpaka sukari ikaisha.

Mwezi wa tisa wapimaji walipanda na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Walivikita kutoka chuoni mpaka kwenye chemchemi, kimoja baada ya kingine, katikati ya vitalu vya kabichi na maharage ambavyo wanawake wa juu huvinywesha kwa mkono wakati wa kiangazi. Kigingi kimoja kilikaa hatua tatu kutoka kaburi la baba yake Halidi.

Halidi alisubiri kuitwa. Hakuitwa. Alisubiri kutukanwa, na hakuna aliyemtukana. Watu wa juu walioteremka sokoni walipita mlangoni kwake, wakasalimia kwa adabu, wakaendelea na safari. Wiki nzima hakuna hata mmoja wao aliyeingia. Asha alikuwa wa kwanza kusema kwamba ukimya ule haukuwa wa heri.

Jumapili nyumba ilijaa kama kawaida. Pilau lilikuwa limeiva, Athanas amekaa pembeni na sahani yake, watu wanabishana juu ya mpira, ndipo Felista akaingia. Huyu Felista alikuwa mtani wa ukoo wa kina Mwanaheri, mama mnene wa kucheka, mkulima wa karoti. Mtani kwa Waluguru ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani yeye ndiye huvaa nguo za marehemu akamwigiza mwendo na kauli mbele ya wafiwa, na lile ambalo ukoo hauwezi kulitamka, yeye hulitamka na hakuna wa kumkasirikia. Siku ile hakupiga hodi. Alikuwa amejifunga kanga kichwani kwa mtindo wa msiba. Akaketi chini mlangoni, akanyoosha miguu, akaanza kulia.

Asha akamuuliza nani amekufa.

"Halidi wa juu," akasema Felista. "Mtoto wa Dadi. Tumempoteza, mama, tena alikuwa bado na nguvu."

Watu wakaangua kicheko, maana ni utani, na Halidi naye akacheka, akasema marehemu ana njaa apewe nyama. Felista akainuka. Akachukua ile kofia ya kufuma msumarini, akaivaa upande, kama Halidi mwenyewe anavyoivaa. Akashika mwiko kama kalamu. Akatembea chumbani kwa mwendo wa Halidi, kitambi mbele, akigusa kila kitu kwa mwiko: hapa ni kwangu, na pale ni kwangu, na mlima ule ni kwangu, na yule bibi mnayemwona juu ni mpangaji wangu. Akatia sahihi hewani, ndefu, na mkia chini. Watu walilia kwa kucheka. Mmoja alipaliwa na wali.

Kisha Felista akavua kofia. Akaikunja mara mbili, polepole, akailaza juu ya mkeka kama inavyolazwa kofia ya maiti, akaifunika kwa upande wa kanga. Kicheko kikafa chenyewe, kwanza waliokaa karibu naye, halafu waliokaa mbali. Asha akamwekea sahani. Felista akaitazama, hakuigusa. Hapo ndipo Halidi alipoelewa, kwa sababu mtani hula. Mtani usipompa hujitwalia mwenyewe jikoni. Mtani anayekataa chakula amekwisha kumaliza utani. Felista aliiokota ile kofia, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka nayo.

Halidi hakungoja watu watawanyike. Aliwaacha na sahani zao, akaianza njia ya mlimani kichwa wazi. Alipita vigingi vyote. Vile vya juu alivipita akiangalia chini.

Mwanaheri alikuwa uani akipukuchua maharage. Kofia ilikuwa juu ya ungo, mbele yake. Halidi akapiga magoti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Alieleza yote, na alieleza vizuri, kwa kuwa kusema alijaliwa. Alieleza umeme wa chuo, jinsi pampu zinavyokula, jinsi nchi nzima inavyoambiwa itunze mazingira, kwamba hakukusudia kunyang'anya, kwamba kwake maji yale ni sifa ya ukoo. Bibi alimsikiliza bila kuacha kupukuchua. Alipomaliza, akamwambia hakuna kikao kitakachoitwa. Wamekwisha kumlilia, wamemaliza.

"Ulipewa kulima, Halidi," akasema. "Hukupewa kutoa."

Halidi akainama. Kuku walikuwa wanadonoa maganda miguuni pake. Kisha bibi akauliza jambo ambalo hakulitarajia.

"Mtu hagawi kisicho chake ila kuna kitu anakificha. Ulikuwa unamficha nani?"

Akataka kukwepa, akaona macho ya yule mama, akashindwa. Akamtaja Athanas. Akaeleza vyoo, maboya, stoo na ile spana. Mikono ya Mwanaheri ikasimama juu ya maharage.

"Yule aliyemchimbia kaka yangu."

"Ndiye."

"Kwa hiyo deni lako wewe umetaka kulilipa kwa maji yetu sisi." Upepo wa mlimani ulipita migombani. "Sina ugomvi na chuo chako. Nenda ukaseme palepale uliposema mwanzo. Hapa kwangu usinifutie kitu, hukuandika hapa."

Hakumpa kofia.

Asubuhi ya Jumatatu Halidi aliwasha pampu, akapanda ofisini kwa Winfrida, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Alimwambia yeye si mmiliki. Alimwambia mama yake alikuwa wa Dumila. Alidhani binti atapaza sauti. Winfrida aliitoa nakala ya ile fomu akaiweka juu ya meza.

"Mimi ni Mluguru wa Mgeta, mzee wangu," akasema. "Swali la kukuuliza nililijua tangu nikiwa mdogo. Mama yako wa wapi? Basi. Nisingehitaji fomu. Sikukuuliza kwa sababu jibu lako la kwanza nilikuwa nimeshalipenda."

Akachukua ndoo, wakapanda, safari hii kwa njia ya juu, wakapitia kwanza kwa Mwanaheri kuomba. Bibi aliwafuata hadi kwenye chemchemi akasimama pembeni, mikono nyuma. Mngurumo wa masika haukuwapo tena. Maji yalitoka kama uzi, yakiteleza juu ya jiwe. Winfrida akabonyeza saa ya simu. Walisimama watatu wakitazama ndoo. Mtu angeweza kusoma Yasini akafika mbali. Ilipojaa, dakika tatu zilikuwa zimepita na zaidi, na Winfrida hakupima mara ya pili. Bomba lile lisingejaza hata tangi la bweni moja, na huku chini vitalu vyote vingekauka. Alimwambia Mwanaheri, kwa Kiluguru, kwamba alipima siku mbaya, na kwamba alijua ni siku mbaya, lakini kamati ilitaka taarifa kabla ya mwezi wa sita. Bibi akaitikia kwa kichwa tu.

Kikao cha kamati kiliwekwa Alhamisi. Jumatano mchana Halidi alikwenda stoo. Athanas alikuwa juu ya debe lake. Halidi alibaki amesimama, maana aliogopa akikaa watazungumza mambo mengine. Akamwambia kesho atataja vyoo, na bweni la tatu, na atalitaja jina.

Athanas aliiweka spana sakafuni.

"Miaka minne nakula kwako kila Jumapili," akasema. "Nilikuwa nasubiri useme. Nikitoka pale najiambia, wiki ijayo atasema. Ungeniambia siku moja tu, Halidi, nikiwa peke yangu. Sasa utaniambia mbele ya wakubwa."

Halidi, ambaye maneno hayakumwishia msibani wala harusini, alisimama mlangoni mwa stoo kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Kesho yake alisema. Alisimama mbele ya ile meza ndefu, akasema ardhi si yake, aliandika uongo kwa mkono wake, na maji wanayoyatafuta mlimani wanayo tayari, yanamwagika chooni. Winfrida naye akasimama baada yake akasema kosa la kupima masika ni lake, liandikwe hivyo. Walipoteza siku ile vitu vingi. Mradi ulifutwa. Winfrida aliondolewa ukatibu wa kamati. Halidi alipewa barua ya onyo, iliyoingia kwenye faili lake miezi minane kabla ya kustaafu, na picha yake ikabanduliwa ubaoni. Athanas hakufukuzwa. Alipewa mafundi wawili na orodha ya vyoo, wakaanza bweni la kwanza. Siku ya tatu watu walimwona amelala chali chini ya sinki, spana mkononi, anafoka. Mwishoni mwa mwezi wa kumi Halidi alianza kuizima pampu ya pili saa nane mchana, na tangi la kilimani likabaki limejaa. Kibanda kikawa kimya kuliko alivyozoea. Nyasi za nyuma ya bweni la tatu zikageuka rangi ya nyasi za watu wengine wote.

Jumapili baada ya kikao Athanas hakuja. Na ile nyingine hakuja. Asha aliendelea kuongeza kikombe cha mchele.

Vigingi aliving'oa Halidi mwenyewe, hakumwachia mtu. Alianzia chuoni akapanda navyo, na mzigo ulipokuwa mkubwa akaufunga kwa kamba za mgomba akaubeba kichwani. Cha mwisho kilikuwa kile cha karibu na kaburi. Alikitikisa mpaka kikatoka, akafukia shimo kwa kiganja, akasawazisha, akamsomea baba yake Fatiha. Kisha akaenda kuviweka uani kwa shangazi, vikawe kuni.

Mwanaheri alikuwa na wageni: Felista, na Maimuna, mjukuu wa dada yake. Alimwacha Halidi apumue, ndipo akamweleza, bila ukali wowote, kwamba kile kipande cha baba yake sasa ni cha Maimuna. Mvua za vuli zikianza, akitaka kupanda maharage, atamwomba Maimuna. Binti aliinamisha macho kwa haya, kwa kuwa Halidi alikuwa wa rika la baba yake. Halidi akasema amesikia. Akasema ni haki. Hakuuliza habari ya mahali pake pale kando ya baba, siku yake itakapofika. Swali hilo lilimjaa kifuani, akaliacha hukohuko.

Bibi akainuka kwa kujishika magoti, akaingia ndani, akatoka na kata yenye maji ya ile chemchemi. Akampa kwa mikono miwili. Halidi akapokea, akapiga bismillah, akanywa.

Felista alikuwa anamtazama. Kofia ya kufuma alikuwa ameivaa yeye, upande.

"Ee," akasema, "marehemu naye anaona kiu?"

Maimuna akaziba mdomo. Hakuna mwingine aliyecheka, na Halidi hakuiulizia kofia. Shangazi yake alinyoosha mkono akaichukua kata, akaona imekwisha, akaingia ndani kuijaza tena.